Kutoka tela la turubai hadi karavani: mambo niliyojifunza nilipouza na niliponunua

Kwa miaka sita tulilala kwenye kempa ya kukunja. Kwa asiyeijua, ni tela fupi lenye magurudumu mawili. Barabarani linaonekana kama sanduku lililofungwa, lakini likifika kambini linafunguka, vitanda vinachomoza huku na huku, turubai linainuliwa juu ya vyuma, na ndani mna jiko, sinki na meza. Sisi ni watu watano na tunaishi Leicester. Bila tela lile watoto wangu wasingeijua pwani ya Norfolk wala vilima vya Derbyshire, kwa sababu vyumba viwili vya hoteli mwezi wa Agosti vingemaliza akiba yetu kwa siku nne.

Kwa hiyo sikuliuza kwa kulichoka. Lililotushinda ni mvua ya siku ya kuondoka. Turubai likikunjwa bichi linashika ukungu ndani ya siku chache, na ukungu ukishaingia kwenye nyuzi hautoki. Ikabidi kila safari yenye mvua tukirudi usiku wa Jumapili, Jumatatu nikitoka kazini niende kwa rafiki mwenye uwanja, nilifungue tela lote, nilisubiri likauke, kisha nilikunje upya. Watoto walipokuwa wadogo niliyaweza hayo. Mama watoto alipoanza kuumwa mgongo, kazi ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja, na tukakubaliana kwamba sasa tunataka karavani, yaani nyumba ya kukokotwa yenye kuta ngumu.

Nikaanza vibaya. Nililitangaza mwezi wa Novemba, kwa picha za kiangazi, na tela lenyewe nilikuwa nimelikunja na unyevu kidogo mwishoni mwa Septemba. Mzee wa kwanza aliyekuja aliinama kwenye pembe ya kitanda, akanusa, akanishukuru kwa muda wangu na kuondoka. Alikuwa na haki. Mnunuzi wa kempa ananunua turubai, hayo mengine ni nyongeza. Nilipolifungua vizuri mchana nikaona vidoa vyeusi kando ya mshono, na hapo nikaamua kuliacha hadi majira ya kuchipua.

Machi nikalifungua siku mbili za jua. Turubai nililisugua kwa brashi laini na maji matupu, maana sabuni huondoa dawa inayozuia maji, kisha nikalipaka dawa hiyo upya. Nikabadilisha mpira wa gesi na kupaka zipu nta. Picha nilizopiga zilikuwa mpya zote: likiwa limefungwa, likiwa wazi, na ile sehemu yenye vidoa kwa karibu kabisa, na chini yake nikaandika ni nini. Wengine waliniambia nitawafukuza watu. Nilivyoona mimi, waliokuja walikuja wakijua, na hakuna aliyenipotezea siku kwa kupunguza bei mlangoni.

Mgeni akija, msubiri tela likiwa wazi, kisha likunje na ulifungue tena mkiwa pamoja. Familia iliyolinunua iliogopa kitu kimoja tu, kwamba wataaibika mbele ya kambi nzima wakishindwa kulisimamisha. Nilimpa baba vyuma ashike mwenyewe, na alipomaliza ndipo alipouliza bei ya mwisho. Tulikubaliana pauni 2,900.

Kuhusu karatasi: hapa Uingereza tela la namna hii halina kadi ya usajili kama gari. Risiti ndiyo ushahidi wako. Andika namba ya fremu, tarehe, bei na majina, wote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Na mtu yeyote anayetaka kulipa bila kuliona, akasema atatuma mchukuzi, usimjibu. Subiri fedha zionekane kwenye akaunti yako ndipo utoe funguo.

Watu huniuliza kama niliuza kwanza au nilinunua kwanza. Niliuza kwanza, Aprili, na sikununua hadi Oktoba. Kempa hutafutwa watu wakianza kupanga likizo, na karavani hushuka bei msimu ukiisha, mwenyewe anapofikiria gharama ya kuihifadhi hadi mwakani. Gharama ya kusubiri ilikuwa kiangazi kimoja cha hema la kuazima. Faida yake ni kwamba sikununua kwa haraka, na haraka ingeniponza, kama nitakavyoeleza.

Karavani ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa na ekseli mbili, kitanda cha kudumu, na bafu ambalo mtu mzima anageuka ndani yake. Mama watoto alikaa kwenye kochi lake akanyamaza, nami najua ukimya ule maana yake nini. Bati la uzito lililopigwa kando ya mlango lilisema kilo 1,700. Nikatoka nje nikafungua mlango wa gari langu. Kwenye bati la gari kuna namba nne za uzito: ya kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa limejaa, ya pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na kinachokokotwa. Langu lilisema 2,050 na 3,650. Toa moja kwenye nyingine, unabaki na 1,600. Karavani ile isingekokotwa kihalali na gari letu hata siku moja, na muuzaji hakuniuliza nina gari gani.

Hicho ni kipimo cha sheria. Kuna kingine cha ushauri tu, ambacho vyama vya karavani huwapa wanaoanza: uzito wa juu wa karavani usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwenye kadi ya usajili ya gari utaukuta kwenye herufi G. Gari letu ni kilo 1,520, kwa hiyo mwisho wetu ulikuwa kama 1,290. Kempa haikufika 950 ikiwa imejaa, na ndiyo maana miaka yote sita sikuwahi kuyafikiria haya. Ukihama, yafikirie kabla ya kuangalia rangi ya makochi.

Leseni nayo. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tulifanya mtihani upya hapa, maana leseni ya nyumbani unaendeshea miezi 12 tu, na aliyefaulu baada ya mwanzo wa 1997 alikuwa na mipaka ya kukokota vitu vizito. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, England, Scotland na Wales, leseni ya kawaida ya gari inaruhusu tela hadi kilo 3,500. Ruhusa hiyo haiongezi nguvu za gari lako.

Karavani tuliyonunua ina uzito wa juu wa kilo 1,250, na ikiwa tupu ni 1,095. Zinabaki kilo 155 za mizigo, na zinaisha upesi. Betri ni kama 20, kibanda cha turubai cha mbele kinakaribia hapo, mtungi wa gesi, viti, nguo za watu watano. Halafu kuna sufuria kubwa la pilau, gunia dogo la mchele na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mke wangu haachi nyumbani hata kwa dawa. Tulipima kila kitu kwa mizani ya bafuni. Vizito tukaviweka chini, juu ya ekseli, na vingine tukavihamishia kwenye buti la gari.

Kisha unyevu, adui yuleyule kwa sura nyingine. Kwenye turubai ulimwona. Kwenye karavani anajificha nyuma ya ukuta na kuozesha mbao taratibu. Nenda na kipima unyevu, ukiguse kwenye pembe zote, chini ya madirisha na ndani ya makabati ya juu. Chini ya asilimia 15 ni salama. Ikipita 20, uliza maswali. Ikifika 30, mimi naondoka hata bei ikiwa nzuri. Bonyeza kuta kwa kidole gumba, na ukanyage sakafu karibu na mlango usikie kama inabonyea. Tairi zitazame tarakimu nne za mwisho za msimbo wake, yaani wiki na mwaka wa kutengenezwa: karavani hukaa sana, na tairi huzeeka kwa miaka kabla ya kuisha kwa kukimbia. Nilizoea kubadilisha za tela baada ya miaka mitano, na hapa nafanya vilevile.

Karavani nyingi za Uingereza tangu 1992 zina namba ya herufi na tarakimu 17 iliyochorwa kwenye madirisha na kwenye fremu, iliyosajiliwa kwenye mfumo uitwao CRiS. Lipia uchunguzi wake ujue kama imeibwa au ina deni. Tulikuta moja ambayo dirisha lake na fremu havikulingana, tukaenda zetu.

Safari ya kwanza ilikuwa Hunstanton, pwani ya Norfolk, kwa barabara ya A47. Kempa ilikuwa fupi, nilikuwa naona magari ya nyuma juu yake kwenye kioo cha kati. Sasa kioo hicho kinaonyesha ukuta mweupe, na vioo vya nyongeza pembeni ni lazima. Ukipita Peterborough ardhi inakuwa tambarare kama meza, na upepo unakuja ubavuni bila kizuizi. Lori likikupita, kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta. Mkia ukianza kucheza, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, ushike usukani sawa, usikanyage breki kwa nguvu. Mwendo wa juu ni maili 50 kwa saa barabara za kawaida zisizogawanywa katikati, na 60 kwenye zilizogawanywa na kwenye motowei. Mimi kwenye Fens, yaani tambarare hiyo, nilikwenda 45. Jambo lililonisaidia zaidi ni uzito wa pua, yaani unaobonyea kwenye ndoano ya gari: asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani, bila kuzidi kiwango cha gari na ndoano. Pua nyepesi ndiyo inayoleta kuyumba.

Usiku ule mvua ilinyesha tangu isha hadi alfajiri. Asubuhi tuliinua miguu ya karavani, tukachomoa umeme, tukawa barabarani baada ya dakika 25. Kilichokuwa kimeloa ni kibanda cha mbele tu. Nilikifungasha kwenye mfuko wa plastiki, na Jumatatu nilikitandaza juu ya ngazi za nyumbani kikakauka kabla ya chakula cha jioni.