Kabla ya Kununua Propela, Pima Kiwanja Chako

Wiki jana kijana mmoja wa Arusha, anayejenga ndege ya viti viwili kwenye gereji ya mjomba wake, aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nina injini ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 80. Propela gani itanipa kasi kubwa zaidi?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali hilo naletewa kila mara, na kila mara napandwa na hasira kidogo. Simkasirikii anayeuliza. Nawakasirikia waliomzoesha kuuliza hivyo. Wauzaji wa propela wanauza kasi, kwa sababu kasi inapendeza kwenye tangazo. Wewe utaruka kutoka Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jua la saa saba likiwaka. Kabla hujaifikia hiyo kasi, kuna miti mwisho wa kiwanja cha kurukia.

Ndege yangu nimeijengea Kajiado, ndani ya hanga la mabati, jioni baada ya kazi na Jumamosi ambazo mke wangu bado ananidai. Habari za riveti na vibali naziruka leo, maana wenye kujenga mnazijua na zinachosha. Ila kwa propela nina la moyoni.

Mtengenezaji mmoja wa ng'ambo, ambaye sitamtaja, nilimpa kila kitu: injini, uzito wa ndege, urefu wa kiwanja, mwinuko wa mita 1,600, na joto la Februari ambalo huku hupita nyuzi 29. Alinijibu kwa mistari miwili, kisha akatuma propela ya mapanga matatu yenye kipenyo cha mita 1.7, pamoja na kikaratasi cha pembe ya kufungia mapanga. Sanduku lilipofika, ofisa wa mizigo alishikilia kwamba ile ni feni ya dari na akataka kuonyeshwa mota. Siku hiyo nilicheka.

Siku ya majaribio sikucheka. Tulifunga mkia kwa kamba kwenye Land Cruiser, tukazuia magurudumu kwa mawe, nikasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho. Mita ya mizunguko ikapanda, ikasitasita, ikagoma kwenye 4,700. Injini yangu, Rotax 912 kama ya yule kijana, inaruhusiwa mizunguko 5,800 kwa dakika, kwa muda usiozidi dakika tano, na 5,500 kwa kuendelea. Kwenye 4,700 sehemu nzuri ya nguvu zake bado imelala. Ilikuwa inakoroma tu.

Rubani mmoja mzee, mtu ninayemheshimu, akasema, "Peleka hivyo hivyo, ikishika hewa itafunguka." Mtengenezaji naye aliandika karibu maneno hayo hayo. Nilipokataa kuruka, maneno yakaanza pale tunaponywea chai: jamaa amejenga pambo la hanga. Nayasikia mpaka leo, na waliosema wanajijua.

Sasa sikilizeni. Pichi ya propela ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa isingekuwa inateleza. Pembe ya mapanga ikiwa kubwa, pichi ni ndefu: unakwenda mbali kwa kila mzunguko, lakini injini inabeba mzigo mzito mwanzoni. Propela isiyobadilika pembe angani ni gari lenye gia moja. Ukilifungia gia ya barabara ya Mombasa, usishangae likizimika kwenye mteremko wa Mai Mahiu ukirudi juu.

Na huku kwetu kuna jambo lingine. Kwenye mita 1,600 na nyuzi 29, injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inavuta hewa nyepesi kama ya mita 2,500 hivi. Zile nguvu 80 zinabaki kama 60. Wengi hudanganyika hapo, kwa sababu hewa hiyo hiyo inaipunguzia propela mzigo, kwa hiyo mita ya mizunguko haishuki sana. Inakuonyesha mambo ni shwari, kumbe msukumo umepungua, na ndege inahitaji kukimbia kasi zaidi ardhini ndipo iinuke. Hewa huwezi kuiongeza. Kilicho mikononi mwako ni kuhakikisha hizo 60 zinafanya kazi zote wakati wa kuruka, na si baada ya dakika kumi ukiwa juu ya Magadi.

Kwa hiyo sikuzijali kejeli zao. Nilizima swichi zote, nikatia ufunguo mfukoni. Nikaweka alama ya kalamu kwenye kila panga, robo tatu ya urefu wake kutoka katikati, nikalilaza panga usawa na kuweka kipima pembe cha kidijitali pale pale kwenye alama. Panga la kwanza nikapunguza digrii mbili. La pili likanisumbua: kila nikikaza bolti linajizungusha kidogo, nalegeza, naanza upya. Mapanga yasipolingana, ndege nzima inatetemeka, kwa hiyo sikuliacha mpaka tofauti ilipokuwa chini ya sehemu mbili za kumi za digrii. Kisha nikasimika kijiti ardhini kikigusa ncha ya panga moja, nikazungusha kwa mkono taratibu kuona kama ncha nyingine zinapita palepale.

Tukarudia majaribio: 5,200. Hewani, nikiwa nimesawazisha ndege na mkono wa mafuta uko mwisho, inagusa 5,500. Hapo ndipo pa kulenga. Nimepoteza kasi kidogo ya safari, sikatai, lakini Jumamosi iliyopita, saa saba mchana na matangi yamejaa, niliacha ardhi kabla ya nusu ya kiwanja. Wanywa chai walikuwepo.

Ndugu zangu, acheni kununua propela ya ndege ya mtu mwingine. Anza na kiwanja: urefu, mwinuko, joto la mchana. Halafu kipenyo, maana kipenyo kikubwa ndicho rafiki wa kuruka, ilimradi kina nafasi. Kanuni za Marekani za ndege ndogo kwa miaka mingi zilitaka angalau sentimita 18 kati ya ncha na ardhi kwa ndege yenye gurudumu la mbele, na 23 kwa ya gurudumu la mkia. Kwenye murramu mimi nataka zaidi, kwa sababu changarawe inayovutwa juu hula ukingo wa mbele wa panga.

Pia angalia ncha inakwenda kasi gani. Rotax yangu ina gia boksi ya 2.27, yaani injini huzunguka mara 2.27 propela ikizunguka mara moja, kwa hiyo kwenye 5,800 ncha za mita 1.7 zinakwenda kama mita 227 kwa sekunde. Funga propela hiyo hiyo moja kwa moja kwenye injini ya Volkswagen kwa mizunguko 3,400 na ncha zitapita mita 300, zikikaribia kasi ya sauti: makelele mengi, msukumo haba. Ndiyo maana wenye Volkswagen hutumia propela fupi, mita 1.3 au 1.4.

Mapanga mawili au matatu? Mawili hufanya kazi kwa ufanisi kidogo zaidi, matatu hukupa nafasi chini na mtetemo mdogo. Msigombane kwa hilo. Propela ya chuma msiiweke kwenye Rotax, ni nzito mno kwa gia boksi.

Ya mbao ni tamu na hunyonya mtetemo, ila inakunywa unyevu. Ukiifunga Malindi ikiwa imevimba kwa hewa ya bahari, kisha ukaileta Kajiado kiangazi, mbao inanywea na bolti zinabaki zimelegea. Kagua ukazaji kila msimu unapobadilika, kwa spana ya kupimia, kamwe si kwa kubahatisha na mkono. Ya kwangu si ya mbao, lakini naikagua vilevile. Kiasi cha kukaza kimo kwenye kikaratasi cha mtengenezaji, na kwa hilo, angalau, yule wangu aliandika sawasawa.