Anzieni kwenye mlimau

Swali la wiki liliuliza: mwalimu wa darasa la tatu asiye na maabara afundisheje mzunguko wa maisha ya wanyama, watoto wauelewe badala ya kuukariri? Jibu langu kwa walimu wa hapa Moshi ni kwamba msianze na mchoro wa kitabuni. Mchoro uje mwisho, wauchore watoto wenyewe. Anzieni kwenye mlimau.

Kupata mlimau au mchungwa si kazi, uwe Pasua, Majengo au Kiboriloni. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus, hutaga mayai yake mojamoja kwenye majani machanga ya miti hii. Yai ni duara, la manjano, upana wake kama milimita moja. Masika ndiyo yanafaa zaidi kwa sababu mvua huchipusha majani mapya. Kiwavi akiwa mdogo ana rangi nyeusi na nyeupe, na ukimwangalia haraka utadhani ni kinyesi cha ndege. Waulizeni watoto hali hiyo inamsaidia nini kabla hamjawaambia. Akikua anakuwa wa kijani. Chumeni kwenye mti ambao haujapuliziwa dawa, maana kuosha majani hakuondoi dawa yote, na viwavi watakufa bila mtoto yeyote kujua sababu.

Chombo ni ndoo ya plastiki ya lita 10. Toboeni tundu kubwa kwenye kifuniko, mzibe kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa. Kipande cha chandarua cha msaada kitawaua. Ndani wekeni chupa ndogo ya maji yenye tawi la mlimau, na mdomo wa chupa uzibwe kwa pamba kuzunguka tawi. Pamba hiyo ikisahaulika, viwavi hushuka kwenye maji wakazama. Viwavi wanne au watano kwa ndoo wanatosha. Wakubwa hula sana, na tawi la Ijumaa halifiki Jumatatu, kwa hiyo pangeni mapema nani atawalisha wikiendi. Kinyesi kitolewe kila siku, la sivyo ukungu huota na magonjwa huingia. Ndoo isikae juani hata kidogo.

Kiwavi asiyesogea siku nzima huenda anajiandaa kujivua ngozi. Asiguswe. Hujivua mara kadhaa, na watoto wakiitafuta ngozi iliyoachwa wataelewa kwa nini mdudu hukua kwa hatua. Kiwavi huyu hana manyoya yanayowasha; akishtuliwa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, lakini hadhuru. Viwavi wenye manyoya waacheni huko waliko.

Darasa la watoto 70 haliwezi kuzunguka ndoo moja. Kila siku kundi moja lipime kwa rula pembeni, bila kumshika, na liandike kwenye karatasi ya manila: tarehe, urefu kwa milimita, rangi, amekula nini. Kiwavi aliyekomaa hufikia karibu milimita 45. Kwa joto la Moshi, yai huchukua kama siku nne hadi sita, kiwavi wiki tatu au nne, pupa, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo, wiki mbili au zaidi. Arusha ni baridi zaidi, hivyo kila hatua hurefuka. Hesabuni wiki nane kurudi nyuma kutoka siku ya kufunga shule, vinginevyo vipepeo watatoka darasani hakuna mtu.

Wekeni kijiti kikavu kilichosimama ili kiwavi ajifunge kwa uzi kiunoni na kuwa pupa. Hapa naomba walimu wenzangu tuache kusema kwamba pupa "amelala". Ndani yake sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi inavunjwa, na mabawa, miguu mirefu na mrija wa kunyonya vinajengwa. Aliyekuwa akitafuna majani sasa atanyonya maji matamu ya maua. Kipepeo akitoka anahitaji kuning'inia ili mabawa yakunjuke; akianguka chini mapema, mabawa hubaki yamekunjamana na hataruka. Atadondosha majimaji yenye rangi. Waambieni watoto kwamba si damu, ni uchafu uliobaki mwilini wakati wa pupa. Pupa nyingine itatobolewa tundu na nyigu wadogo waliokulia ndani yake watatoka. Msiitupe kwa siri. Nyigu naye ana mzunguko wake, na watoto wana haki ya kuuona.

Sasa ndipo uchorwe mduara, na mduara una hatari yake. Mshale unaotoka kwa kipepeo kurudi kwenye yai huwafanya watoto wengi waamini kwamba kipepeo yuleyule anageuka kuwa yai. Andikeni "kizazi cha 1" na "kizazi cha 2" kwa rangi tofauti, na pembeni ya kipepeo jike muandike: hutaga, kisha hufa.

Baada ya hapo leteni panzi, kwa kulinganisha. Mtoto wake, tunutu, anafanana na mzazi ila hana mabawa kamili, wala hapiti hatua ya pupa. Kwa kuku inatosha kutaja siku 21 za kuatamia na kuangaza yai kwa tochi gizani siku ya saba, mishipa ionekane. Viluwiluwi wa chura ni wazuri, lakini mwalimu awachote mwenyewe kwa kopo lenye mpini mrefu, kwa sababu maji ya mifereji na majaruba yanaweza kuwa na kichocho. Maji ya bomba ya kuwafugia yaachwe wazi siku nzima kwanza, klorini ipungue.

Wapo watoto watakaosisitiza kwamba funza huzaliwa na nyama iliyooza. Francesco Redi wa Italia alilijibu hilo mwaka 1668 kwa mitungi ya nyama, mingine wazi, mingine imefunikwa kitambaa: funza walitokea kwenye nyama ya mitungi iliyo wazi tu, ambako nzi waliweza kutaga. Rudieni jaribio lake kwa vipande viwili vya samaki ndani ya makopo, nje ya darasa, mbali na mbwa. Kitambaa kiwe kizito kama khanga na kifungwe kwa mpira. Nzi watatua juu yake na huenda wakataga hapohapo, basi kabla ya kulifungua kopo, watoto watazame kitambaa chenyewe.