Maswali na Majibu: Isabella, Bibi Mtawala wa Beirut

Safu hii ilipomtaja kwa ufupi Isabella wa Ibelin, mwanamke aliyeshika mji wa Beirut kuanzia mwaka 1264 hadi alipofariki mwaka 1282, wasomaji kadhaa walituandikia kutaka maelezo zaidi juu ya maisha yake. Aliishi wakati ufalme wa Yerusalemu, ulioanzishwa na Wafaranki, yaani Wakristo waliotoka Ulaya Magharibi, mwaka 1099 baada ya Vita vya kwanza vya Msalaba, ulikuwa umebaki utepe mwembamba wa pwani ya Sham. Yerusalemu yenyewe haikuwa tena mikononi mwao. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Swali: Inawezekanaje binti wa miaka 12 apewe mji wenye bandari na ngome, katika nchi iliyokuwa vitani?

Jibu: Sheria ndiyo iliyompa. Baba yake, John wa Pili wa Ibelin, alifariki mwaka 1264 bila kuacha mtoto wa kiume. Aliacha mabinti wawili: Isabella, aliyezaliwa mwaka 1252, na mdogo wake Eschiva. Kwa kanuni za ufalme ule, binti alirithi pale ambapo hapakuwa na mwana, na hata kiti cha enzi kilishikwa na wanawake, akiwemo Melisende aliyeanza kutawala mwaka 1131. Wanaume walikufa mapema kwa vita na kwa maradhi, hivyo nyumba nyingi za makabaila ziliangukia mikononi mwa mabinti na wajane.

Beirut haikuwa mji wa kubahatisha. Baba wa babu yake Isabella, John ambaye watu wa zama zake walimwita Mzee wa Beirut, aliupokea ukiwa umeharibika, akaujenga upya, kisha akautetea kwa miaka mingi dhidi ya watu wa Kaizari Frederick wa Pili. Kwa hiyo binti huyu alirithi mji ambao ukoo wake uliona kuwa ni jasho lake wenyewe. Wakati huohuo alirithi jirani mkali. Sultani Baybars wa Misri aliteka Kaisaria na Arsuf mwaka 1265, Safed mwaka 1266, na katika mwaka 1268 peke yake akateka Yafa mwezi wa Machi na Antiokia mwezi wa Mei. Isabella alitimiza miaka 16 katika mwaka huo.

Swali: Je, mwanamke wa daraja lake alikuwa na hiari ya kuchagua mume?

Jibu: Hiari alikuwa nayo, lakini ilikuwa hiari ya kupimiwa. Jamaa yake aliyekuwa kabaila wa Yafa, naye pia akiitwa John wa Ibelin, aliyefariki mwaka 1266, aliandika kitabu kirefu cha sheria za Mahakama Kuu ya ufalme, na humo suala la ndoa za warithi wa kike limefafanuliwa kwa makini sana. Msingi wake ni kwamba ardhi ya kikabaila ilidaiwa utumishi wa vita. Kwa kuwa mwanamke hakupanda farasi kwenda vitani, alidaiwa badala yake utumishi wa ndoa, yaani aingize katika ardhi ile mume atakayeutoa utumishi huo. Bwana wake aliweza kumwita akishatimiza miaka 12, akamtajia mbele ya mashahidi wanaume watatu ambao wote walipaswa kuwa wa kufu yake, na yeye akatakiwa kuchagua mmoja kabla ya siku iliyowekwa. Akiwakataa wote bila sababu, alizuiliwa ardhi yake.

Msomaji aliyelelewa katika sheria za Kiislamu hatashangazwa na sharti la kufu, wala na kanuni kwamba mjane hakulazimishwa kuolewa kabla ya kupita mwaka mmoja na siku moja, muda unaokaribia mara tatu ya eda ya mjane. Mwanamke aliyefika miaka 60 alisamehewa kabisa utumishi huu, kwa hoja kwamba katika umri huo hata wanaume walisamehewa utumishi wa vita. Mimi naiona kanuni hiyo ya mwisho kuwa inafichua mengi, kwa sababu inakiri waziwazi kwamba ndoa ya mwanamke mwenye ardhi ilihesabiwa kuwa kazi ya umma.

Isabella aliolewa mara nne. Mume wa kwanza alikuwa Hugh wa Pili, mfalme mtoto wa Kupro, aliyefariki mwezi wa Desemba mwaka 1267 akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1272 aliolewa na Hamo L'Estrange, kabaila kutoka mpaka wa Uingereza na Wales, aliyekuja Sham katika msafara wa mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward. Baada yake wakafuata Nicholas l'Aleman na William Barlais. Hakuacha mtoto wa kumrithi. Vitabu vingi humtaja kwa orodha ya waume hao tu, jambo linalonisikitisha, kwa sababu kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya akiwa mjane.

Swali: Aliishi katika nyumba ya namna gani? Tunasoma habari za ngome, lakini ngome si nyumba ya kukaa na watoto.

Jibu: Ngome ya Beirut ilikuwa na nyumba ndani yake, na tuna bahati ya kuwa na ushahidi wa mtu aliyeiona. Wilbrand wa Oldenburg, kasisi Mjerumani aliyezuru Sham mwanzoni mwa karne ya 13, aliingia katika ukumbi uliokuwa ndani ya mnara mmoja wa ngome hiyo, wakati Mzee wa Beirut akiwa hai. Anasema madirisha ya upande mmoja yalitazama bahari na vyombo vinavyopita, na ya upande mwingine yalitazama malisho na bustani za matunda. Sakafu ilikuwa ya marumaru iliyotengenezwa ifanane na maji yanayotikiswa na upepo mwanana, kiasi kwamba mtu akitembea juu yake alishangaa kutoona alama za nyayo zake katika mchanga uliochorwa chini. Dari ilipakwa rangi ya mbingu, ikaonekana kana kwamba mawingu yanakwenda. Katikati palikuwa na birika la marumaru za rangi mbalimbali, na ndani yake sanamu ya joka lililotoa maji kwa kuyarusha juu, yakapoza hewa ya chumba. Mafundi, kwa maelezo yake, walikuwa Wasiria, Waislamu na Wagiriki, wakishindana kwa ustadi.

Nakaa sana katika maelezo haya kwa sababu yanatuonyesha mtoto alikulia wapi. Isabella hakuwa mgeni kutoka Ufaransa. Wazee wake walikuwa wamezaliwa Sham kwa vizazi kadhaa, na mambo waliyoyaita ya kwao yalikuwa kazi ya mikono ya watu ambao wapiganaji wapya waliotoka Ulaya waliwaita maadui.

Swali: Je, aliwahi kuvaa deraya na kupigana?

Jibu: Hapana. Mabibi wa daraja lake walishika ngome, wakatoa amri, wakajadili masharti. Mfano unaojulikana ni Eschiva, bibi wa Galilaya, ambaye mwaka 1187 alishikilia ngome ya Tiberia huku mumewe akiwa na jeshi. Jeshi hilo liliposhindwa huko Hattin, aliisalimisha ngome kwa Salahuddin, naye Salahuddin akamruhusu aondoke salama yeye na watu wake.

Swali: Mwanamke Mkristo alipatanaje na Baybars, aliyekuwa akiibomoa miji ya Wakristo wenzake? Huo haukuwa usaliti?

Jibu: Mwaka 1269, katika mwezi wa Ramadhani mwaka 667 Hijria, Isabella alifanya na Baybars mkataba wa kusitisha vita kwa miaka kumi. Maneno yake yamehifadhiwa na al-Qalqashandi, karani wa diwani ya Kairo, aliyeyanukuu miaka mingi baadaye ili yawafae makarani wenzake kama kielelezo cha uandishi wa mikataba. Kwa masharti hayo, mji wa Beirut na vijiji vyake, watu wake na mali zao, walipata amani ya kukaa na kusafiri. Bibi wa Beirut naye alijifunga kutoruhusu Wafaranki wengine waishambulie nchi ya sultani kwa kupitia upande wake.

Kuhusu usaliti, tutazame hali ilivyokuwa. Hapakuwa na mfalme aliyeweza kumlinda. Antiokia ilikuwa imeanguka mwaka mmoja tu kabla, kwa mauaji na utumwa wa watu wengi, na kila mwenye mji pwani alikuwa akijitafutia suluhu yake. Baybars naye alijua alichokifanya, kwani aliyepatana na miji mmojammoja hakulazimika kukabiliana na yote kwa pamoja. Kwa hiyo mkataba ule ulimnufaisha sultani, na mimi sisemi vinginevyo. Lakini uliwapa watu wa Beirut miaka ya kulima, kuvuna na kupakia majahazi, na mwanamke aliyeupata alikuwa na miaka 17 hivi. Wala hakuwa wa pekee: mwaka 1285 Margaret, bibi mjane wa Tiro, naye alifanya mkataba wa namna hiyo na Sultani Qalawun.

Nyongeza ndogo kwa aliyeuliza juu ya neno Mamluk, jina la askari waliotawala Misri, Baybars akiwa mmoja wao. Ni neno lilelile la Kiarabu lililotupatia mamluki, na asili yake ni mtu anayemilikiwa. Baybars mwenyewe aliuzwa utumwani akiwa kijana kabla ya kufika alikofika.

Swali: Ni kweli kwamba sultani alimtetea dhidi ya mfalme wake mwenyewe?

Jibu: Ni kweli, na ndicho kisa cha ajabu kuliko vyote katika maisha yake. Hamo L'Estrange alipokaribia kufa mwaka 1273, aliweka mke wake na mji wake chini ya himaya ya Baybars. Hugh wa Tatu, aliyekuwa mfalme wa Kupro na wa Yerusalemu kwa pamoja, hakukubali. Alimchukua Isabella kwa nguvu hadi Kupro, akikusudia kumwoza mtu wa kuchaguliwa na yeye, kwani aliyeshika mkono wa mjane huyo angeishika na Beirut. Baybars akasimama juu ya mkataba wake na kudai bibi huyo arudishwe. Hugh hakuwa na nguvu ya kukataa, Isabella akarudi Beirut, na askari wa Kimamluk wakawekwa kumlinda.

Katika mzozo huo hakuna aliyemtetea kwa huruma tupu. Hata hivyo, natambua kwamba wanaume wawili wenye majeshi walilazimika kujadili haki yake kwa maneno ya sheria, na kwamba maneno hayo yalikuwepo kwa sababu yeye aliyafunga miaka minne kabla.

Swali: Mnamsifu sana. Wakulima waliomlisha walikuwa nani?

Jibu: Swali hili ni la haki. Wengi wa wanavijiji wa nchi ile walikuwa Waislamu na Wakristo wa Sham waliozungumza Kiarabu, na makabaila Wafaranki walikula kwa jasho lao. Kwa upande wa kusini zaidi, msafiri Ibn Jubayr alipita mwaka 1184 kati ya Tibnin na Akka, akaandika kwamba wakulima Waislamu walitoa nusu ya mazao wakati wa mavuno, pamoja na kodi ya kichwa ya dinari moja na kirati tano. Ni mzigo mkubwa. Aliumia pia kuona kwamba baadhi ya Waislamu waliokuwa chini ya watawala wa dini yao walidhulumiwa zaidi.

Swali: Mji wake uliishia wapi?

Jibu: Isabella alifariki mwaka 1282, Beirut ikaenda kwa Eschiva, mdogo wake. Akka, mji mkuu wa Wafaranki katika pwani hiyo, ilipoanguka mikononi mwa Wamisri tarehe 18 Mei 1291, watu wa Beirut waliamini kwamba mapatano yao na Misri bado yanawalinda. Tarehe 31 Julai, amiri Shuja'i, jemadari wa sultani wa Misri, alifika na jeshi, akawaita wakuu wa ngome waje kwake, nao walipokwenda akawakamata. Wakazi waliokuwa na nafasi walikimbilia majahazi. Shuja'i akaamuru kuta za mji zibomolewe pamoja na ngome ya akina Ibelin. Eschiva aliishi Kupro hadi mwaka 1312, na mwanawe Hugh wa Nne akawa mfalme wa kisiwa hicho mwaka 1324.