Muulize Ami: Binti anataka kwenda Lindi kutafuta mifupa ya dainosa

SWALI: Assalam aleikum Ami. Mimi ni mama wa hapa Kisauni, binti yangu yuko mwaka wa tatu anasoma jiolojia, sasa profesa wao kasema mwezi wa nane wanavuka Lungalunga waende Tanzania mpaka Lindi huko, siku 12, kuangalia mifupa ya dainosa. Babake asema huo ni utalii tu, kama ni mifupa si iko Turkana hapa kwetu. Mimi wasiwasi wangu ni kulala kwa mahema. Halafu mtoto mwenyewe ashaniahidi ataniletea jino la dainosa niweke kwa kabati la vyombo. Nimruhusu?
Mama Binti, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Wacha nianze na hilo jino maana ndilo litakalomtia mtoto matatani. Asilete. Mali ya kale Tanzania ina sheria yake tangu 1964, hata kuchimba kunataka kibali, seuze kuvuka mpaka na kitu kwa begi. Na huku kwetu pia iko sheria, ya 2006, asidhani ni wao tu.

Na watu wa Lindi wakiwa wakali usiwalaumu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha kilima cha Tendaguru, nasema walichimbisha kwa sababu waliochimba hasa ni mamia ya vibarua wa pale pale, msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani, na mifupa ikabebwa kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandarini Lindi ikapakiwa melini. Dainosa mkubwa kati ya hao waliochimbwa leo kasimama Berlin, ana zaidi ya mita 13 kwenda juu, na mtoto wa Lindi akitaka kumuona aanze kutafuta viza. Sasa aje mwanafunzi kutoka Mombasa aweke jino mfukoni!

Babake, heshima zake zipo, lakini hapo kwa Turkana kachanganya. Turkana imepata sifa zaidi kwa mifupa ya watu wa kale, kama yule kijana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, ana kama miaka milioni 1.5. Mawe ya Tendaguru ni ya kama milioni 150, yaani zidisha mara mia. Tena mawe yenyewe yamepangana, tabaka lenye dainosa, juu yake tabaka la baharini lenye makombe, halafu dainosa tena, kwa hivyo mwanafunzi anaiona bahari ikipanda na kushuka kwa macho yake. Hilo darasani utachorewa ubaoni na hutalielewa, mimi sikulielewa.

Na kama babake hataki kuamini mwambie ampeleke binti Changamwe kwanza. Mawe ya udongo yaliyoko chini ya upande ule yana amonaiti, wale viumbe wa bahari wenye gamba lililojikunja kama konokono, na ni wa zama zile zile dainosa wakitembea Lindi. Kisiwa chenyewe cha Mombasa ni tumbawe la juzi tu, kitu kama miaka laki na kitu, nenda ukauangalie ukuta wa Fort Jesus kwa karibu utaona mawe yenyewe yalikuwa viumbe.

Kuhusu kazi, asitarajie sinema. Ni kutembea kichwa chini jua la utosi, kupima matabaka, kuchora kwa daftari, na ukiona mfupa huung'oi, unaita profesa, mfupa unapigwa picha, panaandikwa mahali ulipopatikana, na ukitakiwa kutolewa unafungwa kwa plasta kama mguu uliovunjika. Mimi fildi yangu ya kwanza siku nne nzima nilipata ganda moja la chaza, tena limevunjika. (Atakuja kukwambia wanalamba mawe, usishtuke, mfupa wa kale una vitundu hunata kwa ulimi, jiwe la kawaida halinati.)

Mahema sasa. Mpigie profesa mwenyewe kabla hujalipa kitu, muulize wasichana wanalala wapi na nani mwalimu wa kike anayeenda nao, vibali vimetoka au bado wanangoja, hospitali ya karibu ni ipi na gari la kumkimbiza mgonjwa linabaki kambini au linarudi mjini. Akijibu mara moja bila kubabaika mruhusu. Akisema tutaona hukohuko, mama, mwambie mtoto angoje mwaka ujao. Na pasipoti na kadi ya homa ya manjano avitafute sasa, siyo wiki ya safari.

SWALI: Ami mimi naenda fildi hiyo hiyo, ninunue nyundo gani?
Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Nyundo uliza profesa, pengine hata hataki mushike. Wewe nunua viatu, na uvivae kuanzia leo uende navyo sokoni uende navyo feri, ukivizindua Lindi vitakuzindua wewe.