Barabara Ndani ya Misitu ya Umma

SWALI: Mhariri, nasikia Marekani ilizuia ujenzi wa barabara katika misitu ya umma ili kulinda wanyama. Je, njia moja ya vumbi inamdhuru nani?

JIBU: Kanuni hiyo ya mwaka 2001 inahusu takriban hekta milioni 24. Mvua inaposomba udongo wa kingo za barabara zilizochimbwa, tope hufunika kokoto za vijito ambamo samaki aina ya trauti hutaga, na mayai hukosa hewa. Dubu naye, ambaye huogopa magari, huacha malisho mazuri yaliyo kando ya njia. Udhaifu wa kanuni hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba kanuni iliyowekwa na wizara inaweza kufutwa na wizara hiyohiyo: msitu wa Tongass, Alaska, uliondolewa katika kanuni hiyo mwaka 2020, ukarejeshwa 2023. Ndiyo maana baadhi ya wabunge wanataka iwe sheria kamili.