Kwa nini Jenerali Yamashita alinyongwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini Tomoyuki Yamashita, jenerali wa Japani katika Vita Kuu ya Pili, alinyongwa wakati waliochinja raia Manila, mji mkuu wa Ufilipino, hawakufuata amri yake. Swali zuri, ila historia yake haianzii Manila.

Februari 1942 aliiteka Singapore akiwa na askari wapatao 30,000, wengi wao walioshuka rasi ya Malaya kwa baiskeli. Waingereza walikuwa wengi zaidi, naye risasi zilikuwa zinamwishia. Akamkazia macho Percival, kamanda wa Waingereza, akadai jibu la ndiyo au hapana. Percival akasalimu amri. Kamari tupu!

Miezi michache baadaye akapelekwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, mbali na vita. Wengi husema Tojo, waziri mkuu wa Japani, alimwonea wivu.

Oktoba 1944 akapewa Ufilipino, Wamarekani wakiwa mlangoni. Aliagiza majeshi yaondoke Manila, yeye akapanda milimani. Admirali Iwabuchi wa jeshi la majini la Japani akabaki akapigana mle mjini, na raia wapatao 100,000 wakafa.

Mahakama ya kijeshi ya Marekani haikuthibitisha kwamba aliamuru mauaji. Ilimtia hatiani kwa kushindwa kuwadhibiti askari wake. Rufaa ilifika Mahakama Kuu ya Marekani ikakataliwa, majaji Murphy na Rutledge wakipinga vikali. Alinyongwa 23 Februari 1946.

Kwangu mimi kesi ile iliendeshwa mbiombio. Lakini usimwone malaika: Wachina waliouawa kwa maelfu Singapore mwaka 1942 waliuawa na jeshi lake, na kwa hilo hakushtakiwa kabisa.