"Ukuta wa moto" au "ngome"? Maneno ya kuweka sawa ruta ya nyumbani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari mjini Mbale. Wazazi kadhaa wameniomba niwaandikie kwa Kiswahili maelezo ya kuweka sawa ruta za nyumbani kwao, yaani vifaa vinavyounganisha simu na kompyuta zao na intaneti. Nimeandika hivi: "Ili kusanidi mipangilio ya rauta, washa ukuta wa moto, kisha funga bandari zote zisizotumika katika mtandao." Mwenzangu anayefundisha Kiswahili ameyakataa maneno "ukuta wa moto" (kwa Kiingereza firewall, programu inayozuia mawasiliano yasiyotakiwa) na "bandari" (port, namba ambayo huduma fulani hupitia), lakini hakunipa mengine. Niandikeje?

JIBU: Mwalimu, mwenzako amesema kweli, na "ukuta wa moto" una kasoro kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa ni kosa la maana kabla halijawa kosa la istilahi. Katika Kiswahili, nomino ikifuatwa na "-a moto" mara nyingi hupata sifa ya joto: maji ya moto ni yaliyopashwa, chai ya moto ni ile ambayo haijapoa, na uji wa moto huunguza ulimi. Kwa hiyo mzazi anayelisoma neno lako kwa mara ya kwanza ataelewa ukuta wenye joto, na ukimwambia "washa ukuta wa moto" atamwona mtu ameshika kibiriti. Jina lenyewe la Kiingereza limetoka katika ujenzi, ambako ukuta wa namna hiyo huwekwa ili moto ulioanzia upande mmoja wa jengo usivuke kwenda upande wa pili. Yaani moto ndio unaozuiwa, wala si sifa ya ukuta.

Wapo wanaoandika "kingamoto". Neno hilo limeundwa vizuri zaidi, ila kitenzi "kinga" kina pande mbili: mtu hukinga mvua kwa mwavuli ili isimpate, na hukinga maji ya bomba kwa ndoo ili ayapate. Zaidi ya hayo, "kinga" ya zamani ni kijinga cha moto, ndicho kinachotajwa katika methali "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Sisemi kwamba kingamoto ni kosa, lakini neno la ulinzi ambalo linaweza kusikika kama kuni inayowaka si la kumpa msomaji asiye mtaalamu.

Mimi ningeandika "ngome". Sisi wa Uganda hatuhitaji kwenda Mombasa ili kuielewa: kaskazini mwa Gulu yapo magofu ya ngome ya Patiko, iliyojengwa na Samuel Baker mwaka 1872, na mji wa Fort Portal umebeba neno hilo kwa Kiingereza, fort, katika jina lake. Ngome haimzuii kila mtu. Ina mlango, na mlangoni pana walinzi waliopewa amri za nani apite na nani arudi. Hivyo ndivyo programu hii inavyofanya kazi ndani ya ruta. Hukagua kila pakiti ya data, yaani kipande kidogo cha data kinachosafiri, ikatazama imetoka anwani gani, inakwenda wapi na inataka kupitia mlango (ile "bandari" yako) namba ngapi, kisha huipitisha au huizuia kufuatana na kanuni ilizowekewa. Kwa kawaida ruta ya nyumbani huruhusu mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani na kuzuia yale yanayoanzishwa na mgeni aliye nje. Hata kisarufi ngome haisumbui: ngome imewashwa, ngome zimewashwa.

Kuhusu "bandari", hapa hakuna meli. Andika "mlango", kwa mfano mlango namba 443, unaotumiwa na tovuti zenye mawasiliano yaliyofichwa. Lugha yetu ina utajiri ambao ingefaa tuutumie kwa makusudi: "lango" ni ukubwa wa "mlango", kwa hiyo anwani ya ruta ambayo vifaa vyote vya nyumbani huipitia kwenda nje, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo, iite lango. Namba za huduma ziite milango. Na pale unapochomeka waya, paite tundu. Mzazi akisoma maneno hayo matatu hatachanganya kitu na kingine.

"Ruta" iandikwe hivyo, kwa sababu Kiingereza tulichofundishwa Uganda hutamka u, si au. "Kipanganjia" hutumika pia, lakini likitenganishwa kuwa "kipanga njia", jicho hukutana kwanza na kipanga, ndege anayenyakua vifaranga. Kazi ya ruta yenyewe naiita kuelekeza pakiti, maana ruta haipangi safari nzima bali huonyesha hatua inayofuata.

"Kusanidi mipangilio" ni kurudia, kwani kusanidi kifaa ndiko kukiwekea mipangilio. Sanidi ruta, au badilisha mipangilio yake. Na "mtandao" usiuache peke yake, kwa kuwa mzazi hatajua kama unasema intaneti au mtandao wa nyumbani kwake.

Sentensi yako basi iwe: "Ili kusanidi ruta, ingia katika ukurasa wake wa mipangilio, hakikisha kwamba ngome imewashwa, kisha funga kila mlango ulioachwa wazi upande wa intaneti ambao huutumii."

Hukuuliza jambo moja ambalo utalihitaji ukifika kwenye kanuni za ngome. Baadhi ya ruta hutoa namna mbili za kuzuia, na watafsiri wengi huandika "kataa" kwa zote mbili. Katika namna ya kwanza, ruta humjibu mgeni kwamba hakuruhusiwa. Hiyo ndiyo "kataa". Katika namna ya pili, pakiti hutupwa bila jibu lolote, na mgeni hubaki akingoja hata asijue kama kuna mtu nyumbani. Hiyo iite "puuza", kwa sababu anayekataa amejibu, na anayepuuza hakujibu.